Leso za harusi kutoka Tanga: kwenda si kazi, kazi ni kurudi

Dada, umeuliza kama mtu aweza kutoka Malindi Ijumaa alfajiri, akafuata leso za harusi Tanga, akarudi Jumamosi na Jumatatu yuko kazini. Aweza. Mimi na shangazi yangu tulifanya hivyo kwa harusi ya mpwa wangu. Ila wengi watakuhadithia bei za huko, na kurudi hawakwambii.

Kwenda ni raha. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, wavuka feri ya Likoni, kisha kama 100 hadi Lunga Lunga mpakani, na kutoka Horohoro, upande wa Tanzania, kama 65 uko Tanga mjini. Mpakani ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja, wagongewa kutoka na kuingia mahali pamoja. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, usije ukaanza kubishana na watu wa afya na jua hilo. Ukishikishwa noti ya elfu kumi ya kule usijione tajiri, haifiki hata elfu moja yetu.

Tulinunua Ngamiani, kwenye zile barabara zenye nambari. Shangazi akaingia duka la kwanza: "Nataka leso thelathini za harusi." Kijana akamwamkia shikamoo, akainama chini ya meza, akamtolea pakiti za vitambaa vya kufutia jasho. Kule leso ndiyo hiyo ya mfukoni. Nguo yetu wao waiita khanga. Shangazi akazitazama. "Marahaba mwanangu. Lakini harusi yenyewe si ya kulia." Duka zima likacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotupunguzia bei.

Hapo ndipo tungesimama. Lakini mtu akishaona vitu hasimami. Tukaongeza vitenge, majamvi mawili, machungwa ya Muheza mfuko mzima, na mchele kilo 25. Mchele, dada! Kana kwamba Malindi hakuuzwi mchele.

Tulikuwa tumepanga kuondoka asubuhi na mapema, tukaondoka saa sita mchana. Forodhani wakataka kila kitu kifunguliwe. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha yao, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zina cheti chepesi cha kuonyesha zimetoka wapi na hazitozwi ushuru wa forodha. Lakini cheti hicho hakifuati duka ulikonunua, chafuata mahali kitu kilikotengenezwa. Afisa akashika kitenge, akasoma maandishi ya pembeni: kimetoka nje kabisa ya Afrika. Tukalipa. Sina ugomvi naye, maandishi yalikuwepo tangu dukani, ni sisi hatukuyasoma. Weka risiti zako zote mkoba wa mkononi, si chini ya gunia kama nilivyofanya mimi.

Basi Lunga Lunga tukapanda matatu, gunia la mchele likalipiwa kiti kama abiria. Likoni tumefika usiku. Mwenda kwa miguu halipi feri, ni kweli, lakini mzigo hauna miguu. Tulikodi mkokoteni kushuka ule mteremko, ng'ambo tukakodi mwingine kupanda. Shangazi alikataa majamvi yake yawekwe humo, akayakumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, amesimama katikati ya watu mpaka feri ikagota.

Matatu ya Malindi tuliyoipata ilijaa, halafu Mtwapa tukakaa kwenye foleni hata sikumbuki muda gani. Tulipovuka daraja la Kilifi nikalala juu ya bega la mtu nisiyemjua. Nimezinduka karibu na Gede, mfuko wa machungwa umepasuka, yanabingirika chini ya viti na abiria wanamenya. Hakuna aliyeona haya. Mmoja alinipa langu mwenyewe, nikasema ahsante.

Nyumbani saa saba usiku. Sikuvua hata baibui, nililala sebuleni kichwa juu ya furushi la leso. Jumapili miguu ya shangazi imevimba, akaitia kwenye beseni la maji ya chumvi. Jumatatu kazini nilikwenda, lakini usiniulize nilifanya nini.

Kwa hivyo fanya hivi: rudi na basi la moja kwa moja la Tanga hadi Mombasa. Kwenye feri utashuka uvuke kwa miguu kama wengine, lakini mzigo wabaki ndani ya buti, na hilo pekee latosha. Kisha lala Mombasa kwa ndugu yeyote, Malindi uiingie Jumapili mchana ukiwa na akili zako.

Leso zilipendeza, sikatai. Mchele tuliula miezi miwili, na kila ukiivishwa shangazi alishika bega akasema bado lamuuma.