Jibu: Kupe wanarudi kila baada ya kumwogesha mbwa

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba unamwogesha mbwa wako dawa ya kupe kila wiki, lakini baada ya siku chache wamejaa tena masikioni na katikati ya vidole. Kabla ya kubadilisha dawa, kagua banda: mulika tochi kwenye nyufa za ukuta, viungo vya mbao na chini ya paa, kwa sababu kupe jike akishashiba damu hudondoka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai humo, mahali ambapo dawa ya kuogeshea haifiki. Kwangu walipungua pale tu tulipochoma matandiko ya zamani, tukaziba nyufa kwa saruji, tukapulizia banda dawa na kurudia baada ya wiki mbili hivi, huku mbwa akikaa kwingine mpaka pakauke. Kama una paka pia, tafadhali usimpake dawa ya mbwa. Zile zenye permethrini zinaweza kumuua.

Leo hii funua midomo ya mbwa wako. Fizi zikiwa nyeupe, au mkojo ukiwa umekolea kama chai ya rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Ni ugonjwa gani hasa, siwezi kusema kwa mbali, kipimo cha damu ndicho kitakachoonyesha.