Jibu: Walibadilishaje rili bila picha kukatika?

Mkuu, umeuliza sinema za kambi za jeshi la Marekani ziliwezaje kuonyesha filamu ya saa mbili mfululizo, wakati rili moja, yaani gurudumu lililoviringishwa mkanda wa filamu wenye upana wa milimita 35, haifiki hata nusu saa. Zilikuwa projekta mbili, zimekaa bega kwa bega: rili ikiisha kwenye moja, nyingine inaendelea. Rili ya futi 2,000 inaisha kwa dakika kama 22, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni rili sita hivi, na fundi anabadilisha mara tano.

Ishara ya kubadilisha ni kidoti kwenye kona ya juu kulia ya skrini. Cha kwanza kikitokea, anawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kinatokea cha pili, papo hapo anahamisha picha na sauti. Kinadumu fremu chache tu, ukipepesa jicho kimekupita! Akisinzia, skrini inabaki nyeupe, na hebu fikiria ukumbi uliojaa askari vijana utakavyompigia miluzi.

Projekta za taa ya kaboni ndizo zilikuwa kazi hasa. Vijiti viwili vya kaboni vinavyotoa mwanga vinaungua vikifupika, hivyo lazima umbali kati yake urekebishwe, la sivyo mwanga unafifia. Na moto wake huutazami kwa macho makavu, unachungulia kupitia kioo cheusi.

Umeuliza pia kama watazamaji wa sinema hizo husimama: ndiyo, kabla ya filamu unapigwa wimbo wa taifa na ukumbi mzima unasimama, bisi mkononi.