Maswali na Majibu: Superchick, punk na binti zetu

Tangu niandike kuhusu Karaoke Superstars, albamu ya kwanza ya Superchick, bendi ya Kikristo ya Marekani, maswali yamekuwa yakimiminika. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Superchick na BarlowGirl si bendi moja? (Kijana, Kisumu)

Si moja. Hili nimeshalijibu mara tatu, kwa hiyo safari hii lishike. Superchick ilikuwa bendi ya Chicago. Mbele waliimba Tricia Brock na mdogo wake Melissa, ambaye pia alipiga gitaa, na mtayarishaji alikuwa Max Hsu, aliyetokea kundi la Church of Rhythm. Albamu yao ilitoka 2001 chini ya Inpop Records, na ndani yake mna wimbo uitwao "Barlow Girls". Wimbo huo unawasifu ndugu watatu wa kike wa Elgin, Illinois, walioamua kutoingia kwenye mambo ya uchumba wa ujana. Ndugu hao ndio baadaye walioitwa BarlowGirl, na albamu yao ya kwanza ikatoka 2004. Yaani waliimbwa kabla ya kujulikana kwa kuimba.

Nianze na wimbo upi? (Msomaji, Goma)

"One Girl Revolution". Halafu rudi mwanzo usikilize albamu yote.

Mchungaji wetu amesema punk ni muziki wa shetani, hata ukiimba Yesu. Una lipi la kusema? (Mwanakwaya, Mbeya)

Kwa heshima zote, muulize amesikiliza wimbo gani hadi mwisho. Punk ni gitaa lenye mkwaruzo, dramu za mbio na nyimbo fupi. Ukiongeza kiitikio kinachong'ang'ania kichwani, umepata pop-punk. Superchick walichanganya humo na vionjo vya hip-hop. Sasa shetani kakaa wapi, kwenye waya au kwenye kipaza sauti?

Sisi tunapaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Ngoma zetu wenyewe ziliitwa za kipagani zikafungiwa nje ya makanisa mengi. Mwaka 1958, kule Kamina, Katanga, Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza, misa ya Kilatini yenye ngoma na mitindo ya uimbaji ya Congo, na wapo waliotikisa vichwa. Leo toa ngoma kanisani Jumapili uone. Pima maneno, pima maisha ya anayeimba. Mdundo mwacheni.

Je, Paramore nao ni gospeli? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Ni bendi ya rock ya Marekani. Baadhi yao walisema wazi kuwa ni Wakristo, lakini hawakujitambulisha kama bendi ya injili. Imani ya mpiga gitaa haiufanyi kila wimbo kuwa pambio.

Tunataka vijana wetu waapishwe kutokuwa na wapenzi, kama wale akina Barlow. Unashauri nini? (Kiongozi wa vijana, Bujumbura)

Msiwaapishe. Wale walichagua wenyewe, na uzuri wote upo hapo. Nimeona viapo vya namna hii vikigeuka rungu la kuwapigia wasichana peke yao: binti akionekana na mvulana anasimamishwa mbele ya kundi, mvulana anaendelea kupiga kinanda. Kama hamko tayari kumkemea mvulana kwa sauti ileile, liacheni kabisa.

Shikamoo. Binti yangu wa miaka 14 amesikia albamu hiyo, sasa anataka gitaa la besi. Mwalimu wa kwaya anasema wasichana waimbe tu. (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Mnunulie.

Barua yako imenigusa kuliko zote. Katika kwaya niliyokulia kulikuwa na dada aliyelijua besi kuliko kaka zake wote. Alikuwa analipiga tukishamaliza mazoezi, ukumbi ukiwa mtupu, kidole gumba kimeota sugu. Jumapili alipewa kazi ya kugawa sare. Mpaka leo nikiisikia kwaya ile besi linapwaya, namkumbuka.

Mwambie mwalimu kuwa katika BarlowGirl ndugu hao waligawana vyombo wenyewe: Rebecca gitaa, Alyssa besi na kinanda, Lauren dramu. Hakuna aliyekaa pembeni akisubiri mvulana aje kumwashia spika.

Gitaa la besi lililokwisha kutumika linatosha. Ukifika dukani, lishike kama seremala anavyokagua ubao: fumba jicho moja, tazama kutoka kichwani hadi mwilini. Shingo ikiwa imepinda, rudisha. Kisha binti alipakate mwenyewe, maana besi ni zito na mkanda mwembamba utamkata bega. Wiki za kwanza vidole vitauma sana. Asipewe glavu wala asikatazwe. Apige dakika 20 kwa siku, ngozi itakomaa. Akishaweza kuufuata wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mpeleke kwa mwalimu yule, akiwa na spika yake mwenyewe.