Jibu: Mkanda wa pesa usiochubua tumbo safarini Kasumbalesa

Yaya, dada yangu, umeuliza ni mkanda gani wa pesa wa kuvaa chini ya nguo usiochubua tumbo kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Achana na ile ya nailoni. Kwa joto la Oktoba utaloa jasho kabla gari halijatoka mjini. Mpe fundi wa cherehani kitambaa cha pamba akushonee mkanda wa upana wa vidole vitatu. Mwembamba unakata, hata ukiulegeza. Zipu iangalie nje, na nyuma yake apige bitana ili meno yasiguse ngozi.

Usiuweke kwenye kitovu: ukikaa, tumbo linaukunja na kingo zinachoma. Usogeze juu ya nyonga, upande usiobebea mkoba. Noti zilale bapa ndani ya plastiki, maana dola yenye doa au iliyochanika hata kidogo wabadili pesa wanaikataa (au wanakupunja, unawajua). Faranga za nauli zikae mfukoni, usije ukajifunua mbele ya watu pale bariyeri, kwenye kizuizi cha barabarani. Ukishauvaa, inama kama unafunga kiatu. Ukiona mkanda umejichora kwenye blauzi, jifunge kikwembe (kitenge) juu yake.