Mdukuzi wa riwaya yako haingii benki kwa sekunde kumi
Kubofya kibodi kwa fujo hakumwingizi mtu benki. Chukua mfano wa wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh, 2016: barua pepe yenye wasifu wa mwomba kazi iliwafungulia wadukuzi mlango, kisha miezi mingi ya kunyemelea ndani ya mtandao kimyakimya. Walipiga Alhamisi usiku kwa kuwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Waliivuruga pia printa inayochapa uthibitisho wa miamala, na hapo pana utamu wa sura nzima! Dola milioni 81 zilipita, milioni 20 zilizotumwa Sri Lanka zikakwama kwa kosa la tahajia. Nyingi zilisafishwa kwenye kasino za Ufilipino, kupitia akaunti za majina bandia zilizofunguliwa Manila mwaka uliotangulia.