Mradi huu unasogeza namba ipi? Kwa wageni wa ofisi ya miradi

Ukipangiwa ofisi ya miradi, mapema tu utakabidhiwa jedwali lenye safu inayouliza: mradi unatekeleza lengo lipi la mpango mkakati? Usikimbilie kuijaza. Safu hiyo hujazwa kirahisi kwa sababu malengo mengi yameandikwa kwa upana wa kumeza kila kitu. "Kuboresha huduma kwa wateja" hubeba tovuti mpya, gari jipya, hata rangi ya ukuta wa mapokezi.

Kwanza geuza lengo liwe namba: ilipo leo, inapotakiwa kufika, na tarehe. Tuchukue kiwanda cha kusindika maziwa ambacho mpango wake unasema "kupunguza upotevu". Nenda kwa wanaopokea maziwa, waulize katika kila lita 100 zinazoletwa, ngapi hukataliwa getini. Tuseme 9. Wakubwa wakikubali zishuke hadi 4 ifikapo Juni mwakani, hapo una lengo. Wakikwepa kutaja namba, andika wazi kwamba haijatajwa, na miradi ya lengo hilo isipewe alama mpaka ipatikane.

Kisha orodhesha kila kinachokula fedha au muda wa watu, hata kama hakuna anayekiita mradi. Safu sita zinatosha: jina, mwenye mradi (mtu, si idara), fedha zilizobaki kutumika, siku za kazi, namba inayosogezwa na kwa kiasi gani, na mwezi ambao matokeo yataonekana. Fedha zilizokwisha kutumika ziache nje. Shilingi milioni 80 zilizokwenda zimekwenda, mradi uendelee au usimame, lakini zikiwepo kwenye jedwali kikao kizima kitazililia hizo.

Kila mradi uruhusiwe lengo moja tu, na mwenye mradi aeleze njia yake hatua kwa hatua. Matangi ya kupozea yakiwekwa vituoni, maziwa yanashuka hadi nyuzi 4 mapema, bakteria wanazaliana polepole, yanayokataliwa yanapungua. Kila hatua hapo inapimika. Sasa mtu wa usafirishaji analeta mfumo wa kufuatilia magari na kudai namba ileile. Mfumo huonyesha gari liko wapi, haupozi maziwa. Utasaidia iwapo tu kuchelewa njiani ndiko kunakoyaharibu, kwa hiyo kabla ya kununua chochote andikeni kwa wiki mbili saa gari linapotoka kituoni na saa linapofika kiwandani. Daftari na kalamu vinatosha.

Hapa ndipo wageni wengi huteleza: miradi mitatu, kila mmoja unaahidi kuokoa lita 4 katika 100. Jumla 12, na zinazopotea ni 9! Jumlisha ahadi za kila lengo kabla ya kikao. Zikizidi tatizo lenyewe, waite wahusika wagawane.

Kutoa alama za jinsi kila mradi unavyosogeza namba yake, epuka 1 hadi 5, maana kila mtu atajipa 4. Tumia 0, 1, 3 na 9; mruko mkubwa humlazimisha mtu kuchagua. Miradi ya lazima, kama kutimiza matakwa ya kodi au ya usalama wa chakula, iwekwe kando bila alama, lakini aliyeandika "lazima" aonyeshe kifungu cha sheria. Wajanja hupitia mlango huo.

Baada ya fedha, hesabu watu. Fundi mmoja wa mifumo aliyeahidiwa kwa miradi saba, asilimia 30 kila mmoja, ameahidiwa asilimia 210. Angalau minne kati ya hiyo itachelewa hata bajeti ikiwa tele.

Mradi wa bosi usiupinge kikaoni. Mfuate kabla, umuulize, "Mkurugenzi, tukiukamilisha, namba gani itabadilika?" Mara nyingi atakueleza sababu ambayo mpango mkakati ulisahau kuiandika, au ataupunguza mwenyewe.

Mkakati nao hujifunza kwa miradi. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2005, yalilenga wakopaji walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakawa wanatumiana hela. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo kila robo mwaka, mbali na kuuliza kama namba imesogea, uliza pia watu wanakitumiaje walichopewa.

Sharti la kusimamisha liandikwe siku mradi unapoidhinishwa, kabla mtu hajaupenda: "Baada ya miezi minne ya matangi, kama zinazokataliwa bado zinazidi 7, tunasimama." Siku ikifika, kusema "umesimama" hakutoshi. Wiki hiyohiyo funga namba ya malipo kwa mhasibu, mwandikie mzabuni, na wapangie watu kazi nyingine kwa majina. Usipofanya hivyo, miezi mitatu baadaye utakuta ankara zake bado zinakuja.