Maswali na Majibu: Nyumba, Feng Shui na Asili Tano

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu feng shui, elimu ya kale ya Wachina inayohusu kuchagua mahali pa kuishi na kupanga kilichomo ndani yake. Katika majibu yafuatayo nimetanguliza mwanga, hewa na njia za kupita watu, kwa sababu naamini kwamba humo ndimo ilimo faida ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuipata, hata asiponunua kitu chochote.

Swali: Nina kiwanja ambacho bado sijakijenga. Nimesoma kwamba nyumba inayofuata feng shui lazima ielekee kusini. Je, hilo ni sharti?

Si sharti, na ni vyema kujua kanuni hiyo ilikotoka kabla ya kuifuata. Ilizaliwa kaskazini mwa China, ambako pepo kali za majira ya baridi huvuma kutoka kaskazini, na jua la majira hayo hupita chini upande wa kusini. Kwa hiyo nyumba iliyoelekeza mgongo kaskazini na madirisha kusini ilikingwa na baridi na kupata joto kwa wakati mmoja. Maandishi yanayonasibishwa na Guo Pu, mwanachuoni aliyefariki mwaka 324, ambayo kwa kweli yanazungumzia zaidi mahali pa makaburi, yanaeleza kwamba chi, yaani nguvu ya uhai, hutawanywa na upepo na husimama inapokutana na maji. Kutokana na fikra hiyo, mahali bora palielezwa kuwa ni penye kilima nyuma, vilima vya chini ubavuni, uwanda ulio wazi mbele, na maji yanayopita kwa kujipinda. Majengo ya kifalme ya Beijing, yaliyojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, yanatazama kusini, na udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji linaloyazunguka ulirundikwa upande wa kaskazini ukawa kilima cha Jingshan.

Ukiwa kusini mwa ikweta, mbali nayo, jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini, na mtu anayeiga mwelekeo wa Beijing huko atajinyima mwanga ule ule ambao Wachina waliutafuta. Karibu na ikweta hali ni tofauti tena: jua hupita juu ya paa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Hapo nyumba ndefu huwekwa ubavu wake mrefu ukitazama kaskazini na kusini, ncha zake fupi zikipokea jua la asubuhi na la jioni, na upenu ukirefushwa ili kivuli kifike madirishani. Ushauri wangu ni kwamba, kabla mchoraji hajashika kalamu, uende kiwanjani asubuhi, adhuhuri na jioni, utazame upepo unaingilia wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, na kivuli cha majengo ya jirani kinaangukia wapi. Kazi hiyo haina gharama, na makosa yake hayarekebishiki kirahisi baada ya msingi kumwagwa.

Swali: Nilipaka kila chumba rangi ya mojawapo ya asili tano ili nyumba iwe na mizani, lakini sasa inachosha macho. Nimekosea wapi?

Umezichukua asili hizo kama vitu vitano vinavyostahili mafungu sawa, ilhali katika fikra ya Kichina ni hali tano zinazogeukiana. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, udongo huzaa metali, metali hukusanya maji, na maji hukuza mti. Huo ndio mzunguko wa kuzalishana. Upo pia mzunguko wa kudhibitiana: mti hupasua udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha metali, na metali hukata mti. Kila asili ina rangi yake (kijani, nyekundu, manjano, nyeupe na nyeusi kwa mfuatano wa mzunguko wa kuzalishana), na pia umbo lake: mti ni mistari mirefu iliyosimama, moto ni pembetatu, udongo ni mraba, metali ni duara, na maji ni mawimbi. Rangi, kwa hiyo, ni alama moja tu kati ya nyingi, nami naiona kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote.

Jaribu kuanza na chumba chenyewe, uulize ni hali gani iliyozidi. Chukua sebule yenye vigae vyeupe, kuta nyeupe, meza ya kioo na viti vya chuma. Mfuasi wa feng shui atasema metali imezidi. Mtu asiyefuata feng shui atasema kwamba chumba kinarudisha mwangwi na hakikaribishi. Wote wawili wanaeleza jambo moja. Kwa kanuni ya kudhibitiana utaongeza moto, yaani taa zenye mwanga wa manjano badala ya mweupe mkali. Kwa kanuni ya kuzalishana utaongeza maji, kwa kuwa metali ni mama wa maji, na mama hupungukiwa na nguvu anapomlea mtoto, hivyo utaweka zulia la rangi nzito na mapazia yanayoanguka kwa mikunjo. Zulia na mapazia hayo ndiyo yatakayomeza mwangwi, na taa ndizo zitakazobadilisha nyuso za watu waliokaa chumbani. Chumba kinachopokea jua kali la jioni, chenye mapazia mekundu, kinahitaji tiba ya upande wa pili: rangi tulivu, kivuli cha mti nje ya dirisha, na hewa inayopita.

Ninaloshauri kwako ni kurudisha rangi moja tulivu katika kuta za nyumba nzima, kisha uache mbao, udongo wa kufinyangwa, chuma, nguo na mimea vilete tofauti. Vitu hivyo huhamishika, na rangi ya ukutani haihamishiki.

Swali: Mlango wa mbele wa nyumba ninayopanga unatazamana moja kwa moja na mlango wa nyuma. Naambiwa kwamba bahati inapita na kutoka. Siruhusiwi kubomoa chochote.

Wafuasi wa feng shui husema kwamba chi ikipita kwa kasi katika mstari ulionyooka hainufaishi vyumba vya kando. Kabati la vitabu lisilofika darini, au mmea mrefu katika chungu, ukiwekwa ili mtu alazimike kupinda kidogo, hutosha kabisa kuvunja mstari huo, na hukupa faragha pia kwa anayepita nje. Hata hivyo, kama unaishi penye joto, usiuzibe. Milango miwili inayotazamana ndiyo njia bora ya kupitisha hewa, na sioni sababu ya kuipoteza kwa hofu ya jambo lisiloonekana, kisha ununue feni.

Swali: Kitanda kikae wapi?

Mahali ambapo ukilala unauona mlango bila miguu yako kuelekezwa mlangoni, kichwa kikiegemea ukuta mzima usio na dirisha. Epuka ukuta wenye mabomba ya choo, kwa sababu ya sauti yake usiku, na usilale chini ya boriti iliyojitokeza ikiwa inakukosesha amani. Kioo kinachotazama kitanda hukatazwa na walimu wengi wa feng shui. Kama mwanga wake hukushtua usiku, kifunike kwa kitambaa.

Swali: Jikoni kwangu jiko la gesi limegusana na sinki. Je, moto na maji vinagombana?

Kwa lugha ya asili tano vinagombana, na tiba yake ni mti, kwa kuwa maji hulisha mti na mti hulisha moto. Ndiyo maana watu huweka ubao au kitu cha kijani katikati. Mimi ningelichukulia swali hili kwa uzito zaidi kuliko hilo. Tone la maji likiangukia mafuta ya moto huyarusha, na anayepika pembeni ya sinki hana mahali pa kuweka sufuria iliyoiva. Ukipata nafasi ya kurekebisha, acha sehemu ya meza isiyopungua sentimita 40 kati ya viwili hivyo. Angalia pia kwamba jiko halipo chini kabisa ya dirisha linalofunguka, maana upepo unaweza kuuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka.

Swali: Pembe ya ukuta wa jirani imeelekea mlango wangu. Je, ni hatari?

Pembe kali zinazoelekea mlango huhesabiwa na wafuasi wa feng shui kama mishale. Mnara wa Bank of China mjini Hong Kong, uliobuniwa na I. M. Pei na kukamilika mwaka 1990, ulilalamikiwa sana kwa sababu ya kingo zake. Panda ua wa miti kati yako na pembe hiyo, nawe hutaiona tena. Sikushauri kutundika kioo cha kumrudishia jirani mshale wake, kwa kuwa kioo hicho kitaleta ugomvi ambao pembe yenyewe haikuuleta.

Swali: Wataalamu wawili wamenipa majibu yanayopingana kuhusu chumba kimoja. Nimwamini yupi?

Huenda kila mmoja amefuata mapokeo yake kwa uaminifu. Wapo wanaosoma umbo la ardhi na majengo, wapo wanaotumia dira ya Kichina iitwayo luopan, na wapo wanaofuata njia iliyoenezwa Marekani na Lin Yun katika karne ya 20, ambayo huipanga ramani ya pande nane kuanzia mlango wa kuingilia bila kujali dira. Nyumba moja ikipimwa kwa njia mbili, pembe ileile inaweza kuitwa ya mali na mmoja, na ya safari na mwingine. Hakuna kipimo cha kisayansi kilichowahi kuonyesha kuwapo kwa chi, na mtu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa. Mwulize kila mtaalamu sababu ya ushauri wake. Akikueleza mwanga, upepo, kelele, usalama au njia ya kupita, una jambo unaloweza kulihakiki mwenyewe siku hiyohiyo. Akikutisha kwa maradhi au ufukara, kisha akatoa mkobani kitu cha kukuuzia, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Swali: Nataka kuweka chemchemi ndogo ya maji sebuleni. Je, kuna tahadhari?

Maji yasituame. Mbu hutaga kwenye maji yaliyosimama, na yai huweza kufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, hivyo pampu ikiharibika mwaga maji mara moja. Safisha bakuli kila wiki, na weka waya wa umeme mahali ambapo maji hayawezi kuufikia. Kama huna nafasi ya kuitunza, mmea mmoja wenye afya karibu na dirisha utakufaa zaidi.